Mstari wa Kwanza wa Daftari la Vipimo

Bwenini, 14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na cherehani imeacha ule mchezo wake wa kukata uzi katikati ya mshono. Mimi sijambo. Nilifika salama, ila mfuko wa karanga ulionipa uliisha kabla sijashuka kwenye basi, na sikula peke yangu, nililisha viti vitatu. Chumbani tuko wanne. Mmoja anakoroma kama pasi inayotoa mvuke.

Uliniagiza kwamba simu ni ya kusema nimefika, mambo ya maana niyaandike, kwa sababu kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Basi naandika.

Ile kazi ya utafiti niliyoifanya likizo katika chumba chako cha kushonea imepata alama za juu kuliko zote darasani. Mhadhiri wetu wa tabia za wateja alinisimamisha mbele ya wenzangu mia na ushee akasema, "Huyu ametafiti, ninyi mmenakili." Zile kurasa za daftari lako la vipimo nilizozipiga picha kwa simu nimezipanga zote katika jedwali moja: jina, namba ya simu, umri wa mtoto, vipimo, na ile safu ya mwisho unayoandika maneno yako. Kurasa sitini na tatu, Shangazi. Vidole viliniuma.

Ninayosoma huku yananifurahisha. Mfanyabiashara wa zamani alitengeneza kitu, kisha akatafuta wa kumuuzia. Wa leo anaanza na mtu. Anataka kujua anaamka saa ngapi, anamuonea nani wivu, anaogopa nini. Bidhaa inakuja baadaye. Mhadhiri anasema mzazi hanunui sare. Ananunua mtoto wake asichekwe.

Kwa adabu zote, nikukosoe kidogo. Pindo. Wewe unaacha pindo la vidole vinne, sare moja inavaliwa miaka mitatu. Kwa macho ya masoko, huyo ni mteja uliyemfukuza mara mbili. Kampuni za siku hizi hukata pindo la kidole kimoja, na mzazi anarudi kila Januari mwenyewe, bila kuitwa.

La mwisho. Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kampuni moja ya kushona sare, idara ya masoko. Naanza Jumatatu. Meneja ni dada mmoja mchangamfu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Umetuletea nini ambacho sisi hatuna?" Nilimjibu. Nitakueleza siku nyingine.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Mwanao,
Kifungo

*

Nyumbani, 3 Februari

Kifungo mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika nikiwa mdomo umejaa pini, kwa hiyo ilibidi isubiri mpaka nimalize kola. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu. Miaka thelathini ya kufundisha ushonaji haitoki mkononi kwa sababu tu mtu amestaafu.

Huku tuko salama. Fundi alikuja kuitazama cherehani, akaifungua yote, akaifunga, akabaki na skrubu moja mkononi, akasema haina kazi. Inashona, lakini sasa inatembea mezani kama inataka kutoka nje. Baba yako hajaandika. Mama Kelele, yule wa watoto watano unayemsikia kabla hujamuona, amejifungua wa sita. Na Baba Tai anakusalimu. Bado anapita dirishani kwangu kila asubuhi na tai yake shingoni, ananiamkia, anaendelea na safari yake. Hongera kwa alama. Nimewaambia watu wawili, nao watawaambia waliobaki.

Sasa tuongee pindo, maana nimeona umelisoma kwa rula peke yake.

Mtoto hakui kwa ratiba ya duka. Anaweza kukaa mwaka mzima vilevile, halafu akirudi kutoka likizo fupi magoti yanaonekana. Ninapoacha vidole vinne, kuna jambo namwambia mzazi bila kufungua mdomo: kwamba mwakani hali yako inaweza kuwa ngumu, na hutalazimika kuja kunieleza. Utaleta sketi, nitafumua, nitapiga pasi, utaondoka nayo. Tatizo moja ni mstari wa pindo la zamani. Kitambaa kilichokuwa kimekunjwa hakikupigwa na jua, kwa hiyo ukikifungua unabaki mstari, mtoto mwingine anaweza kuunyooshea kidole. Mimi huushonea utepe mwembamba juu yake uonekane ni pambo. Nusu ya kazi yangu ni kushona. Nusu nyingine ni kuficha.

Ndiyo maana sipendi ile sentensi ya mhadhiri wako, ingawa ni ya kweli. Mimi nimeijua kabla yake. Tofauti ni kwamba yeye akishaijua anaitafutia mnunuzi.

Na hili ulielewe vizuri. Nilikuruhusu utazame jinsi ninavyoandika vipimo. Safu ya mwisho ni ya macho yangu. Naamini jedwali hilo, baada ya kupata alama zake, umelifungia mahali. Niandikie kwamba umelifungia.

Kula vizuri. Ukikosa kifungo shona mwenyewe, nilikufundisha ukiwa darasa la pili.

Shangazi yako

*

Nyumbani, 21 Machi

Kifungo,

Hujambo? Sijapata barua yako, nami nilikuwa nimekuomba sentensi moja tu. Nilijiambia ni mitihani. Huku afya si mbaya. Mtoto wa Mama Kelele anaendelea vizuri, na sauti amerithi.

Nikueleze lililotokea Jumamosi.

Chumbani nilikuwa na watu wanne. Wawili wamekuja kuchukua nguo, mmoja anapimwa, mmoja amekuja kukaa tu. Mama Kelele akaingia, mtoto mgongoni, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaongea polepole.

"Mwalimu, mimi ni nani?"

"Wewe ni mama wa watoto sita," nikasema. "Karibu ukae."

"Sikai. Nisomee hapa. Miwani yangu nimeiacha."

Hana miwani. Nikasoma kwa sauti, kwa kutojua. "Mpendwa Mama Kelele. Mtoto wako wa pili amekua! Sare yake mpya, kiuno inchi ishirini na nne, inakusubiri katika duka letu jipya karibu na kituo cha mabasi."

Wakacheka wote. Aliyekuja kukaa tu alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo kampuni imekupatia kabisa!" Kisha akakumbuka kwamba na yeye alipata ujumbe asubuhi, hakuufungua. Akaufungua. Hakucheka tena.

"Mama Shingo?" akasema. "Mama Shingo ni nani?"

Kila mmoja akatoa simu yake. Nilikuwa bado nimeshika utepe wa kupimia kifuani mwa yule mama, nikasikia pumzi yake inabadilika. Yeye nilimwandika Mkono Mfupi, kwa sababu mkono wake wa kushoto umepungua nusu inchi na blauzi yake lazima ikatwe hivyo. Babu anayelea wajukuu, yule ambaye kila siku anasema atakuja kesho, ni Babu Kesho. Wote walisoma. Wote wakanitazama mimi. Hakuna aliyeuliza kampuni imeyatoa wapi majina hayo. Ni nani mwingine aliyewapima shingo?

Nikueleze kwa nini daftari langu halina majina ya watu. Nimefundisha wanafunzi wengi mno, majina yalishanichosha. Lakini mwili wa mtu siusahau. Naandika kile jicho langu litakachokikumbuka atakaporudi, na sikuwahi kufikiri kwamba yatakuja kusomwa kwa sauti, tena na mimi mwenyewe, mbele ya wenyewe.

Mama Kelele aliondoka bila kufunga mlango. Wengine walichukua nguo zao, zilizokwisha na zisizokwisha. Mkono Mfupi alikunja blauzi ambayo bado ina pini.

Sikupigii simu. Nina swali moja na nataka ulijibu kwa kalamu, ukiwa umekaa. Ukurasa wa kwanza wa daftari, mstari wa kwanza, umo wewe. Vipimo vyako vimo, na namba yako ya simu nimeiandika pembeni. Wewe ulipata ujumbe?

Shangazi yako

*

Bwenini, 17 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani sana kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi na barua zako mbili zilinifikia karibu kwa wakati mmoja. Natumaini goti haliumi. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa mafua kidogo. Yule wa kukoroma amehama chumba, sasa kimya kinatusumbua.

Nimesikitika kwa yaliyotokea. Nikueleze kitaalamu ili usidhani kuna mtu aliyekusudia. Kampuni ina mfumo wa kutuma ujumbe kwa wateja watarajiwa. Mfumo unachukua chochote kilichomo kwenye safu ya jina na kukiweka baada ya neno "Mpendwa". Hausomi, hauchagui. Lile jedwali nililileta kazini kama mfano wa utafiti wangu, na idara ikaona lina manufaa, likaingizwa kwenye mfumo. Mambo yakaenda haraka. Ni hitilafu ya utaratibu, na meneja amekubali kwamba tulipaswa kupitia majina kwanza.

Katika masomo yetu kuna sura nzima kuhusu kurudisha imani ya mteja. Kampuni ikikosea hujitokeza mapema, hukiri kwa maneno mafupi, hutoa kifuta machozi. Nimekuandikia rasimu unayoweza kuwatumia wateja wako wote kwa pamoja:

"Mteja wetu wa thamani, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na changamoto za kiufundi. Faragha yako ni kipaumbele chetu. Kama shukrani, ukifika na ujumbe huu utapata punguzo katika sare yako inayofuata. Tunakujali daima."

Ukikubali naweza kuutuma kutoka huku, wewe hutasumbuka na lolote.

Ukitazama kwa upande mwingine, watu wengi waliitikia ule ujumbe. Duka jipya lilijaa wiki ya kwanza. Meneja anasema katika miaka yake yote hajaona orodha inayowajua watu kiasi hicho. Kuna uwezekano mkubwa wa kuajiriwa nikimaliza.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Kifungo

*

Nyumbani, 29 Aprili

Kifungo,

Salamu nimezipata. Kunywa maji ya moto yenye limau kwa ajili ya mafua.

Rasimu yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Utaona nimeisahihisha kama nilivyokuwa nasahihisha mishono ya wanafunzi: palipoachia nimeweka alama. "Usumbufu uliojitokeza." Ulijitokeza wenyewe? Ulitoka wapi, umevaa nini? "Changamoto za kiufundi." Ufundi naujua mimi, ni kazi yangu. "Tunasikitika." Ninyi na nani? Nimeitafuta "mimi" katika maneno yote hayo kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, nikapiga magoti, sikuiona. Na huo mfumo wako haukuja likizo nyumbani kwangu. Haukukalia kile kigoda cha bluu ukaniuliza, "Shangazi, na huyu umemwandika nini?"

Habari za huku nilikuwa sitaki kukupa, sasa nakupa.

Baba Tai unamjua tangu ulipokuwa na meno ya maziwa. Mwezi wa tisa mwaka jana kampuni yake ilimwachisha kazi. Hakumwambia mkewe, hakuwaambia watoto. Aliendelea kuvaa na kutoka. Nilijua mimi peke yangu, kwa sababu alikuja na suruali mbili za mwanawe akaniomba nizifumue badala ya kushona mpya, nami sikumuuliza kitu, akanieleza mwenyewe akiwa anatazama ukuta. Nikaandika katika safu ya mwisho: *Kazi imeisha. Nyumbani hawajui. Fumua, usiulize.* Niliandika nisije nikasahau nikamuuliza habari za kazini mbele ya watu. Ilikuwa ya kumlinda.

Ujumbe wake ulikuwa tofauti na wa wengine. Ulisema: "Mpendwa Baba Tai, tunajua kwa sasa huna kazi. Usijali! Sare za watoto wako utalipia kidogo kidogo." Na namba iliyomo kwenye daftari si yake. Ni ya mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akileta watoto kupimwa.

Mkewe amekuja kunieleza. Alisema aliusoma amesimama mlangoni mwa chumba, mumewe yuko mbele ya kioo anafunga tai. Akamuuliza, "Leo unaelekea wapi?" Akajibu, "Kazini, nielekee wapi." Mkewe akamwonyesha simu. Anasema mumewe hakupiga kelele, wala yeye mwenyewe hakupiga kelele. Mume aliifungua tai polepole, akaitundika kwenye msumari wa kalenda, akakaa kitandani na viatu.

Tangu siku hiyo hajapita dirishani kwangu. Miezi ile yote alikuwa anatembea tu mjini mpaka saa kumi, na mimi nikimwitikia kila asubuhi nilikuwa namsaidia kuushona uongo wake. Hilo ni langu. Majina nayo ni yangu. Nimekuwa mwalimu, nimewakataza watoto wasiitane majina, halafu nimekaa na daftari zima la kuwaita wazazi wao. Nimekwenda kwa watu kumi na mmoja hadi sasa, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi ya sehemu yangu. Mama Shingo alinikaribisha akanipa kiti. Babu Kesho aliongea nami dirishani. Kwa Baba Tai nimekwenda mara mbili, sikufika mlangoni.

Cherehani inapumzika. Usiniulize zaidi.

Sehemu yako siwezi kuiombea radhi, kwa sababu sijui ukubwa wake. Nilikuuliza swali moja na umenijibu kurasa mbili za mambo mengine. Nakuuliza tena. Ulipata ujumbe? Ukiwa huna jibu la hilo, usiniandikie.

Shangazi

*

Bwenini, 8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sina salamu nyingi. Nimeandika barua hii mara tano, na zote nne za mwanzo zilikuwa na neno "mfumo".

Sikupata ujumbe.

Sikupata kwa sababu kwenye jedwali simo. Siku nilipokuwa nalihamishia kwenye kompyuta ya kazini, mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wangu. *Kifungo. Miaka saba. Acha pindo pana. Baba yake amesema atarudi.* Na chini yake, kwa kalamu nyingine: *Fumua. Baba bado.* Na kalamu nyingine tena: *Fumua. Bado.* Nilikuwa sijawahi kuusoma. Likizo nilipiga picha haraka haraka, na nilipopanga jedwali nilinakili tu kama mashine. Lakini siku ile meneja alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, anasubiri kuona. Nikaona aibu asije akausoma. Nikaufuta. Sekunde moja. Kisha nikamgeuzia kioo cha kompyuta nikasema, "Hii hapa."

Kwa hiyo nilijua. Ndilo nililokuwa sitaki kuliandika. Usidhani sikufikiri. Nilifikiri vizuri kabisa, kuhusu mtu mmoja. Ningekuwa nimewaacha wote kwa kutojua, ningekuwa mjinga, na ujinga ungenisaidia sana miezi hii. Lakini niliona mstari mmoja unauma, nikauondoa, nikawaacha wengine mia nne.

Na kuna lingine. Wateja waligawanywa katika makundi ili kila kundi lipate maneno yake. Makundi niliyapanga mimi, kwa kusoma safu yako ya mwisho. Wanaopenda kuonekana. Wanaolinganisha na jirani. Waliopungukiwa. Baba Tai nilimweka katika kundi la tatu kwa mkono wangu. Sikumkumbuka kuwa ni Baba Tai aliyekuwa akinipa peremende nilipokuwa na meno ya maziwa. Nilimwona kama mfano mzuri. Maneno "usijali" ni yangu, meneja aliyasifu kwamba yana joto.

Darasani tunafundishwa kwamba kumjua mteja ni nusu ya biashara. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu akijulikana anakuwa amekupa kitu, na kwamba kitu hicho kina mwenyewe. Nilidhani taarifa zinaokotwa tu, kama kokoto. Zako hukuziokota. Waliziacha kwako kama wanavyoacha nguo, wakijua watazikuta.

Mkataba wa kazi niliusaini tarehe mbili Mei. Barua yako ya Aprili ilikuwa imefika siku hiyo hiyo, iko kitandani, sijaifungua, kwa sababu niliujua uzito wake kwa kuishika. Nimekaa na mkataba wiki tano. Juzi nimeurudisha. Sikuambii ili unisifu, wiki tano si haraka. Nilimwomba meneja lile jedwali lifutwe. Alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Kaka, hii si sufuria ya kuazima, kwamba tumepika tunarudisha." Nimelifuta kwenye kompyuta zilizo mbele yangu. Zilizo nyuma yangu sizijui. Nakuambia ukweli kwamba haliwezi kurudi lote.

Likizo inaanza tarehe nne Julai. Naogopa kuja, naogopa zaidi Mama Kelele. Nikija, utanifungulia?

Kifungo

*

Nyumbani, 2 Agosti

Kifungo mwanangu,

Hujambo? Nadhani umefika salama, na safari hii karanga ulizificha. Mimi goti limeanza tena baada ya ile mizunguko yetu, lakini ni goti la kutembea, si la kukaa, na kuna tofauti. Baba yako hajaandika. Naendelea kukuarifu kwa sababu najua unaruka mstari huo na kisha unarudi kuusoma.

Nimekaa nikapitia zile Jumamosi mbili tulizozunguka nyumba kwa nyumba ukiomba radhi. Wengine wamekusamehe, wengine wamekuzoea tu, usivichanganye. Babu Kesho alisema atatufungulia kesho, na nilikuona ulivyong'ata mdomo usicheke. Na mimi nilikuwa nimeung'ata wangu. Mama Kelele nilijua hatakuacha hivi hivi. Lakini kukusimamisha uani mbele ya watoto wote sita na kusema, "Huyu jamaa kuanzia leo anaitwa Bwana Jedwali, mwiteni," hiyo ilikuwa haki yake, na uliitika vizuri. Jana alileta sketi mbili. Aliziweka mezani akasema, "Niandike hivyo hivyo Mama Kelele. Nimeshalizoea, na mume wangu anasema halina uongo." Mkono Mfupi hajarudi. Blauzi yake ameimalizia kwenye lile duka la kituoni, nimemuona nayo barabarani, mikono yote miwili wamekata sawa.

Nimeanza daftari jipya. Kila anayekuja namuuliza kwanza, nikuandike nani, na niandike nini. Inachelewesha kazi. Wengine wanafikiri mpaka wanakaa chini.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Kwa Baba Tai tulibisha hodi mara mbili tukiwa wote, ukaniambia nisikate tamaa, nami nilikuwa nimeshakata. Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, nilikuwa nimeinama natia uzi, nikasikia mtu anasimama dirishani. Hakuniamkia. Akazunguka akaingia mlangoni. Shingo wazi. Kwapani ana suruali ya mwanawe.

Nikamwambia karibu. Akasema, "Kijana aliacha barua chini ya mlango. Mke wangu kaisoma, mimi nimeisoma." Hakusema kama ilikuwa nzuri au mbaya, nami sijui uliandika nini, na sitaki uniambie.

Akaiweka suruali mezani. "Imekuwa fupi."

Nikaipima. Nikafungua daftari jipya, nikatoa kofia ya kalamu, nikamuuliza kama ninavyowauliza wote. "Nikuandike nani?"

Akanyoosha mkono, akalifunga daftari taratibu, na mkono akauacha juu ya jalada.

"Usiandike, Mwalimu," akasema. "Kariri."

Nimekariri. Kiuno, paja, urefu, na mengine mawili matatu aliyoniambia alipokuwa anasubiri nifumue. Hata wewe sikuambii.

Daftari la zamani nimelichoma, ukurasa kwa ukurasa, uani. Isipokuwa sehemu moja. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza nimeukata kwa mkasi, na nimeufunga humu ndani ya bahasha. Ni wako, ulikuwa wako tangu mwanzo. Wenzako wote nimewauliza, sasa nakuuliza wewe: nikuandike upya, au nikukariri?

Shangazi yako